Kiapo Mbele ya Kiti Kitupu

Kwa miaka kumi na tisa nilimwita Wakili, na mpaka leo nikisema Wakili nyumbani kwangu hakuna anayeuliza ni yupi, ingawa Songea sasa ina mawakili wengi na wengine mabango yao ni makubwa kuliko ofisi zenyewe. Ofisi yetu ilikuwa Mfaranyaki, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, kwa hiyo mteja alitufikia akiwa tayari ananuka mbolea. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, mpokea wageni na mpika chai. Siku ambazo mwenyewe aligombana na kompyuta, nilikuwa pia fundi.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti la kijivu lililotiwa kiraka kiwikoni. Wageni walimdhania karani wangu. Siku moja mama mmoja wa Bombambili alimkuta mlangoni, akamkabidhi bahasha akamwambia, "Baba, naomba nipelekee hii kwa wakili." Akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya muda akaufungua, akatoa kichwa. "Wakili anasema karibu." Yule mama akaingia, akakuta aliyekaa kitini ni yuleyule. Mimi nilibaki nimejifunika uso na faili kwa kucheka, lakini yeye hakucheka hata kidogo. Alisema mteja akishajua kwamba wakili ni mtu wa kawaida, husema ukweli mapema.

Watu wa nje wakisikia wakili wa Songea hudhani ni mambo ya viwanja na talaka. Yeye alishika kesi zinazovuka mipaka. Mbao zimenunuliwa Msumbiji na zimezuiwa huku. Lori la mtu wa huku limegonga nyumba ya mtu wa kule, na kila upande unasema kesi ni ya wenzao. Boti imetoka Mbamba Bay ikakamatwa upande wa Malawi na dagaa wakaoza humo humo. "Mpaka uko kwenye ramani," alikuwa akisema, "lakini ugomvi una miguu." Kingoni kilikuwa cha kwao, Kiyao alikipata kwa kuungaunga, na Kireno chake kilikuwa cha kusikitisha. Maofisa wa Msumbiji, ng'ambo ya daraja la Mkenda, walimpenda kwa sababu ya Kireno hicho. Akianza tu kuwasalimia walikusanyika, wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakamgongea mhuri wake akapita. Nilimwambia ajifunze vizuri basi, akanijibu kwamba akijifunza vizuri watamchelewesha.

Kampuni nazo zilimwita, za makaa ya mawe, za kahawa, za kununua korosho, ili akague kama wanafuata sheria na masharti ya serikali. Alikuwa na namna yake ya kukagua. Meneja anamngojea ofisini na soda na biskuti, yeye yuko getini amekaa na mlinzi. Akitoka kwa mlinzi anakwenda jikoni kwa mpishi. Meneja alikuwa wa mwisho, na mara nyingi alikuwa amekwisha kukasirika. Kuna kampuni moja iliapa kwamba magari yake hayatoki Jumapili. Wakili akanunua maandazi kwa mama aliyekuwa akiuza nje ya geti, wakaongea habari za unga kupanda bei, na akiondoka alikuwa anajua majina ya madereva watatu wanaokunywa chai pale kila Jumapili alfajiri kabla ya kuondoka na mzigo. Alirudi ofisini na maandazi ya watu kumi, tukala siku mbili.

Kwenye semina alizowafanyia wakubwa wa kampuni hizo alianza kwa kuuliza, "Ni sheria gani hapa kwenu mnayoivunja kila siku?" Wakubwa wakajibu kwa sauti moja kwamba hakuna. "Haya," anasema, anavua saa na kuiweka mezani, "basi tutaanza na hiyo ya kusema uongo." Walikuwa hawajui kama wacheke.

Zawadi hakupokea kutoka kwa mtu yeyote mwenye shauri mezani kwake. Hilo lilinitesa mimi, si yeye. Mzee mmoja alituachia jogoo pale mlangoni, amefungwa miguu, akaondoka kabla hatujamzuia. Wakili akanipa jogoo, akaniitia bodaboda, akanituma Bombambili nikamrudishe. Nilizunguka mitaa ile na jogoo mapajani, ananinyea sketi, watu wananiuliza bei. Mzee alipomwona jogoo wake alinuna, akaniuliza kama wakili wetu anaumwa. Nilimjibu kwamba anaumwa ndiyo, ugonjwa wa sheria, na hauna dawa.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi mkubwa. Alisogeza kete ukigeuka kukohoa, na ukimkamata alikutazama machoni akasema, "Ushahidi uko wapi?" Presha nayo ilimwandama miaka mingi, na mtu huyu aliyewafundisha watu wazima kufuata masharti alikuwa anavificha vidonge vyake nyuma ya makabati ya mafaili. Nilivikuta siku tunahama kabati, pakiti kwa pakiti, hazijafunguliwa. Nikamsomea vilivyo. Mficha maradhi, nikamwambia, kifo humuumbua. Akasema ile ni methali nzuri, akaomba chai.

Na alinipenda, niseme wazi, kama mzazi anavyompenda mtoto aliyemkuta amekwisha kukua. Nilipojifungua Tumaini sikuwa na wa kumwachia, nikaja naye kazini nikiogopa kufukuzwa. Wakili alitandika koti lake kwenye sanduku la karatasi, mtoto akalala humo, na tangu siku ile akaanza kuniita Mama Tumaini. Alikuwa akinisomea maneno ya kuchapa huku amembeba, anatembea peku, anampigapiga mgongo, na sentensi zake za siku zile zote zilikuwa fupi kwa sababu mtoto hakupenda ndefu. Kwa wageni hakunitambulisha kama katibu. Alisema, "Huyu ni mwenzangu."

Kitu kimoja alikishika kuliko vyote. Hati ya kiapo ni karatasi ambayo shahidi anaeleza anachokijua, kisha anaapa na kutia saini mbele ya wakili, na huyo wakili anaandika chini kwamba mtu huyu ameapa mbele yangu. "Mbele yangu, Mama Tumaini. Maneno mawili tu. Ukiyatoa hayo, iliyobaki ni barua ya kawaida." Mawakili wengi walikuwa na mtindo wa kusaini na kugonga mhuri kurasa tupu za mwisho, wakamwachia karani kwa ajili ya dharura, wao wakasafiri. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Wakili aliuita mtindo huo kiapo mbele ya kiti kitupu. Yeye akisafiri alitia mhuri wake mfukoni mwa suruali, na mkewe alilalamika miaka yote kuhusu wino.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nisingekuwa naandika.

Wakulima wa korosho wa Mbesa, kule Tunduru, walikuja kwetu wakiongozwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, mtu wa swala tano na sauti ya chini. Walikuwa wameuziwa dawa ya kupulizia mikorosho, na mikorosho ikaanza kukauka. Muuzaji alikuwa kampuni ya ng'ambo yenye ghala Songea. Wakili akachunguza kwa namna yake ya walinzi na wapishi, akampata mtunza ghala mmoja raia wa Msumbiji, aliyeona kwa macho yake dawa ikichanganywa na vumbi la chokaa na kufungwa upya. Kiapo cha mtu huyo ndicho kingeifanya mahakama iamuru ghala lifungwe kabla magunia hayajahamishwa.

Shahidi alikuja siku ambayo Wakili yuko Tunduru. Alikuwa na hofu, anageuka kila pikipiki ikipita, na alitaka kulivuka daraja jioni hiyo hiyo kabla halijafungwa. Kwa sheria, wakili hamwapishi shahidi wa kesi yake mwenyewe, kwa hiyo wa kwetu tulikuwa tunawapeleka kwa wakili jirani, mlango wa tatu. Wakili alikuwa ameniambia kwa simu, "Msomee ile hati kwa Kiyao, mpeleke kwa jirani aapishwe, mimi narudi usiku." Nikamsomea, nikampeleka.

Tulimkuta karani peke yake. Alikuwa mtu mzima kama mimi, ana familia, mpole, tulikuwa tukiazimana karatasi na sukari. "Dada," akasema, "bosi yuko Mbeya mpaka Ijumaa."

"Kaka, huyu mtu akivuka leo harudi tena."

"Bosi hayupo, dada. Nifanyeje?"

"Una zile kurasa."

Nikamwambia habari ya mikorosho ya watu, nikamwambia ni mara moja tu, nikamwambia mimi ndiye ninayemwomba. Mawakili wengine mjini walikuwepo, na ningetafuta ningempata hata mmoja kabla ya jioni, ila nilikuwa na haraka na nilijiona hodari. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ukurasa uliokwisha kusainiwa. Shahidi akaapa mbele yangu mimi na karani, na kile kiti kitupu. Wakili aliporudi nikamwambia kila kitu kimekwenda vizuri, na yeye akanishukuru.

Ghala likafungwa kwa amri ya mahakama. Majuma mawili baadaye tuko mahakamani, wakili wa kampuni akasimama, akasema kwa upole kwamba tarehe ile ya kiapo yeye mwenyewe alikuwa Mbeya, na aliyekuwa amekaa naye benchi moja kule mahakamani ni huyo huyo wakili jirani. Wakili wetu akaomba dakika kumi. Tukatoka koridoni.

"Mama Tumaini, ulijua kwamba hayupo?"

Nilimtazama usoni. Nilikuwa na watoto wawili na mume asiye na kazi, lakini sitajificha nyuma yao. Nililiogopa lile neno, mwenzangu, kwamba hatalisema tena. "Sikujua," nikasema. "Karani aliniambia bosi yuko ndani na mgeni, akachukua karatasi akaingia nayo, akatoka nayo."

Akarudi ndani, akasimama, akayasema maneno yangu kama yalivyo. Katibu wangu alidanganywa na karani wa ofisi ile. Naiondoa hati hii. Hakimu akafuta amri, na wiki ile ile magunia yakavuka daraja.

Yule mzee wa Mbesa alikuja ofisini, akakaa. "Wakili," akasema, "kila kilichoandikwa mle ni kweli. Kwa nini umewafungulia mlango?"

"Mzee wangu, siwezi kuwashtaki watu kwa dawa ya uongo nikiwa nimeshika kiapo cha uongo."

Mzee akashika kofia yake, akaivaa vizuri. "Basi tuanze upya, inshallah." Walianza upya. Wakili alivuka mto mwenyewe mara nne kumtafuta yule mtunza ghala, akampata, akamrudisha, akaapishwa na wakili aliye hai, aliyekaa mbele yake. Ilichukua miaka mitatu. Wakulima walishinda, na mikorosho mingi ilikuwa imekwisha kukatwa kuni.

Karani alifukuzwa kazi juma lile lile. Bosi wake, aliyesaini kurasa tupu, alionywa na akaendelea na kazi zake. Karani alikuja kwetu mara moja, akasimama mbele ya meza yangu, Wakili akiwa chumba cha ndani. "Dada," akasema taratibu, "waambie uliniomba." Mimi nikaendelea kuchapa. Hata sikuwa nachapa neno, nilikuwa nabonyeza tu. Nikamwambia, "Kaka, usiniletee matatizo." Akaondoka. Hakuna ofisi mjini iliyompokea tena, maana karani ni kuaminika, basi. Akaishia kutengeneza baiskeli Bombambili, na mimi nikajua njia zote za kwenda sokoni ambazo hazipiti pale.

Vile vidonge alivyovificha vilimlipa Wakili mwishoni. Alipooza upande wa kushoto, ofisi ikafungwa, mkewe akafariki mwaka uliofuata. Kila Jumamosi naenda kwake kumsomea gazeti na kumpikia dagaa wa Nyasa, ambao daktari hajakataza na kama amekataza hajaniambia. Mdomo wake ulikwisha kurudi vizuri, na drafti bado anaiba, kwa mkono mmoja.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilimkuta amefurahi. Alikuwa hajalala, akasema, alikuwa anapitia kichwani kesi zake zote tangu ujana. "Nimetafuta uongo wowote niliowahi kuuambia mahakama. Makosa ninayo mengi, na ujinga upo. Uongo sikuupata hata mmoja." Alisema kwa majivuno kabisa, kidevu juu, kama mtoto aliyemaliza uji. "Hilo mtalisema kwenye mazishi yangu. Mengine mnaweza kuacha."

Nilikuwa nachambua dagaa. Mikono ikasimama.

Ningeweza kunyamaza. Angekufa na furaha yake, na mimi ningelisema kweli hilo kwenye mazishi, nikalia, watu wakaniona mwaminifu. Nikaweka sinia chini. "Wakili, upo mmoja," nikasema. "Ni wangu." Nikamweleza yote, Mbeya, zile kurasa, nilivyomwomba yule karani, koridoni.

Kidevu kikamshuka. Kisha akasema, "Kwa hiyo niliidanganya mahakama."

"Hukujua, Wakili."

"Mahakama haina habari na nilichojua. Niliyesimama nikasema ni mimi." Akatazama mkono wake ule usiofanya kazi. "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kwamba hutaniita mwenzangu."

Akafumba macho. "Ningekukasirikia siku tatu. Ya nne ningekuita tuandike barua ya kuomba radhi, kwa sababu mimi kuchapa sijui. Umebeba miaka kumi na moja, Mama Tumaini, kwa ajili ya siku tatu." Hapo nikalia, na sikujificha. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Barua ya mahakama tutaiandika Jumatatu. Yule karani anakaa wapi?"

"Bombambili."

"Niletee viatu."

Ilikuwa miezi minane hajatoka nje ya geti. Mimi na dereva wa bajaji tulimwinua tukamkalisha, nikamshika bega njia nzima asianguke kwenye matuta, na yeye alinishika mkono kwa ule wake mzima.

Karani alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yake, amepindua baiskeli, mikono imejaa grisi. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alituona, akasimama polepole. Mimi hakunitazama. "Shikamoo, Wakili."

"Usiniamkie kwanza, mwanangu. Sikiliza." Wakili alizungumza akiwa ndani ya bajaji, maana kushuka hakuweza. "Nilisema mahakamani kwamba ulimdanganya katibu wangu. Haikuwa kweli. Nimekuja kuyaondoa maneno yangu, na nakuomba radhi." Kisha akanigeukia, akangoja.

Nikashuka. Nikasimama pale kwenye vumbi, nikasema. Nikasema kwamba aliniambia bosi hayupo, kwamba nilimbembeleza, kwamba aliponijia mezani nilimfukuza. Nilipomaliza alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, anarudia vile alivyokwisha kufuta.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kofi. Yeye akageuka kuelekea mlangoni, akaita, "Mama Fausta, hebu njoo." Mkewe akatoka, mikono ina unga, akatusalimia kwa wasiwasi, akamtazama mzee ndani ya bajaji, akanitazama mimi.

"Dada," karani akaniambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku ile kunitazama, "rudia. Tangu mwanzo. Huyu alinivumilia tu miaka yote, lakini hakuniamini."

Nikamtazama Wakili. Aliinamisha kichwa. Nikamgeukia yule mama, nikaanza upya.